Deraya ya jukwaani unayoivaa peke yako: mwongozo kamili, kuanzia vipimo hadi kuvaa

Kila msimu wa tamthilia za shule unapokaribia, mimi huletewa nyumbani deraya za sponji zilizotengenezwa kwa mikono. Kwa macho ni nzuri, zinang'aa, mtu angedhani ni chuma. Lakini nikimwambia mwenyewe, "Ivae nikuone," jibu huwa lile lile: "Ngoja kwanza nimwite mwenzangu anifunge mgongoni."

Nyuma ya pazia hakuna mwenzako. Kila mmoja ana vazi lake la kubadili, taa imezimwa, na onyesho lako linaanza baada ya dakika 3. Nimemwona kijana amekwama ndani ya deraya ya kufungwa kwa kamba mgongoni, anasikia maneno ya kumwingiza jukwaani na hawezi kutoka. Alilia. Deraya ile ilikuwa imemchukua wiki 3 kuitengeneza.

Kosa halipo katika ukataji wala rangi. Kosa ni kwamba vifungo hufikiriwa mwisho, sehemu zote zikishakamilika. Katika mwongozo huu vifungo ndivyo vinavyotangulia, na vipande vingine vinavifuata.

Onyo moja kabla ya yote: hili ni vazi la maigizo na sherehe. Halizuii kisu, halizuii risasi, wala halimwokoi mtu aliyeanguka na bodaboda. Usimkubalie mtu yeyote akuombe umtengenezee kwa kazi hiyo.

## Vifaa

- Sponji ngumu ya EVA, unene wa milimita 10. Ni ile mikeka ya watoto inayopachikana pembeni kama meno. Mkeka wa mazoezi haufai kwa kifua. Ni laini mno na hunyauka.
- Sponji ya EVA ya milimita 5 kwa mikono na miguu, na ya milimita 2 au 3 kwa mapambo.
- Gundi ya viatu, ile ya manjano wanayotumia washona viatu.
- Begi la shule la mtumba. Nenda soko la Kongowea, Mombasa, ukachague lililochanika lakini lenye mikanda mizima. Begi moja hukupa mikanda na bizimu za plastiki za kubana pembeni, tena imara kuliko nyingi zinazouzwa mpya.
- Lastiki pana ya sentimita 3 hadi 4 na velkro ya kushonwa. Velkro yenye gundi yake mgongoni iache dukani. Kwa joto la Mombasa na jasho, hubanduka siku hiyo hiyo.
- Kisu cha wembe wa kukatika-katika, na wembe za akiba. Usianze kazi na wembe mmoja.
- Mashine ya kupuliza hewa moto. Ukikosa, azima kwa fundi wa magari au wa mabango.
- Fulana kuukuu inayokubana, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, boksi la katoni, chaki, kalamu ya wino mzito, rula ya chuma, mkasi wenye ncha butu.
- Gundi nyeupe ya seremala, rangi ya akriliki na vanishi ya akriliki isiyo na rangi.
- Barakoa ya vumbi, na mahali penye upepo. Baraza la nje latosha.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya mikono yako

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoamua yote.

Vaa ile fulana kuukuu, kisha juu yake vaa koti zito au jifunge taulo kifuani. Sababu ni kwamba ukishavaa sponji ya milimita 10, mikono haifiki tena pale ilipofika ukiwa na fulana tupu. Ukipima bila koti utajidanganya.

Simama wima, usiiname. Fumba macho. Sasa jiguse kila mahali, kuanzia shingoni hadi magotini, ukiweka alama kwa chaki:

Mahali ambapo mikono yote miwili inakutana bila taabu, weka duara. Kwa watu wengi ni kifua cha mbele, tumbo na mbavu za mbele. Hapa pekee ndipo bizimu inaposhika, kwa kuwa bizimu inataka mkono mmoja ushike na mwingine uchomeke.

Mahali ambapo mkono mmoja tu unafika, weka mstari. Bega la mbele, ubavu wa pembeni, na mkono mzima kuanzia kiwiko hadi kiganja, maana mkono hauwezi kujifunga wenyewe. Hapa weka velkro, au lastiki yenye kulabu.

Mahali pasipo alama ni pale ambapo hufiki kabisa: mgongo, nyuma ya mabega. Hapo hakuwekwi kifungo cha aina yoyote. Hapo huungwa moja kwa moja, na hapafunguliwi tena.

Hatua imefaulu ikiwa unaweza kurudia mara ya pili, macho yakiwa yamefumbwa, na mikono ikaenda kwenye duara zile zile. Ikienda pengine, fuata ile ya pili. Mara ya kwanza mtu hujinyoosha kuliko kawaida.

## Hatua ya 2: Amua mtindo wa kiwiliwili

Kuna njia mbili za kuvaa deraya ya kifua bila msaada.

Ya kwanza ni ya kanzu: unaipitisha kichwani, kifua na mgongo vikiwa vimeungwa mabegani, kisha unafunga mbavuni. Kifua kinabaki kizima, hakina mpasuko, na kinapendeza. Lakini kuipitisha kichwani kunaharibu vipodozi, kunavuta miwani, na kwa binti aliyejifunga hijabu ni balaa. Pia ukiwa na joto na haraka, unaweza kukwama mikono ikiwa juu.

Ya pili ni ya kizibao: imefunguka mbele, unaingiza mkono mmoja, kisha wa pili, kisha unafunga. Kila kifungo kiko kwenye duara zako za chaki.

Mimi huchagua kizibao, na sibishani tena juu yake. Mpasuko wa mbele hufichika ukiusogeza sentimita 6 au 7 kushoto kwa katikati, kisha upande wa kulia ukaupita wa kushoto na kuufunika. Mtazamaji aliyekaa safu ya pili ataona mstari wa pambo tu. Kama unatumia mkono wa kushoto, geuza: mpasuko kulia.

Ukishikilia ile ya kanzu, basi mikanda ya mbavuni ishonwe kwenye bamba la mgongo na mkia wake uje mbele, bizimu ikae juu ya ubavu wa mbele. Usiweke bizimu kwapani. Kwapani huoni, na mikono miwili haikutani.

## Hatua ya 3: Tengeneza kigezo

Juu ya fulana kuukuu, bandika tepu ya karatasi tabaka 2, mlalo kisha wima, kuanzia kiunoni hadi shingoni. Hapa mwite mtu akusaidie mgongoni, mara hii tu. Jaza pumzi wakati tepu inabandikwa. Ukibandikwa huku umetoa pumzi, deraya itakubana utakapoanza kusema maneno yako jukwaani.

Chora kwa kalamu mstari wa mpasuko wa mbele, shingo, matundu ya mikono, na kiuno. Kiuno kiishie juu ya mfupa wa nyonga. Ikishuka zaidi, ukikaa kitini bamba litapanda likupige kidevuni.

Kata kwa mkasi butu kwenye mstari wa mpasuko, jivue, kisha katakata vipande vilale bapa. Kimoja cha mgongo, viwili vya mbele, na viwili vya mbavu kama una kifua kipana.

Sasa ongeza unene. Sponji ya milimita 10 ikizungushwa mwilini, mzunguko wa nje unazidi wa ndani kwa karibu sentimita 6. Mimi huongeza sentimita 4 kwenye mzunguko mzima, nikizigawa kwenye mishono ya mbavuni, na kule kupitana kwa mbele kunamaliza iliyobaki.

Kabla ya kugusa sponji, kata kigezo kile kwenye katoni, unganisha kwa tepu, uvae. Inua mikono yote miwili kama mtu anayeanika nguo kwenye kamba. Katoni ikikukata kwapani, punguza hapo sasa. Matundu ya mikono huwa madogo mno kwa wanaoanza, karibu kila mara.

## Hatua ya 4: Kata

Kwa kila vidole vinne vya sponji ulivyokata, tazama ukingo. Ukiwa laini kama siagi, endelea. Ukionyesha meno, wembe umekwisha. Vunja kipande, utumie ncha mpya. Sponji hii humaliza makali upesi kuliko watu wanavyodhani, na wembe butu ndio unaoteleza na kukata kidole, kwa vile unausukuma kwa nguvu.

Kata kwa mvuto mrefu, wembe ukiwa wima. Mahali vipande viwili vitakapokutana kwa pembemraba, laza wembe nyuzi 45 pande zote mbili.

Andika jina nyuma ya kila kipande: KULIA, KUSHOTO, JUU. Vikishakuwa 14 sakafuni vyote vinafanana.

## Hatua ya 5: Kunja kwa joto

Pitisha hewa moto upande wa nje, mashine ikiwa kama sentimita 10 kutoka kwenye sponji, bila kusimama mahali pamoja. Uso wa sponji utabadilika: kwanza mkavu kama chaki, kisha unang'aa kidogo. Kung'aa huko ndiko unakokutaka. Vitundu vimejifunga, na rangi haitanyonywa yote. Ukiona moshi au vipele, umezidisha.

Ikiwa bado laini, ikunje juu ya paja au sufuria kubwa na uishike mpaka ipoe, kiasi cha dakika 1. Ukiiachia ikiwa vuguvugu, itarudi ilikokuwa. Kunja zaidi kidogo ya unavyotaka, kwani hulegea.

Drayeri ya saluni itakunja sponji ya milimita 5, lakini kwa milimita 10 haina nguvu. Jiko la makaa usilitumie kabisa: joto lake si sawasawa, upande mmoja unaungua na mwingine haujapata. Fanyia kazi hii nje, maana mvuke wa sponji iliyozidi moto si wa kuvutwa.

## Hatua ya 6: Unganisha

Paka gundi ya viatu pande zote mbili, nyembamba, na usubiri. Gusa kwa kidole: ikiwa bado inavutika nyuzi, ngoja. Ikiwa kavu kwa kugusa lakini ina unata, ndipo ubandike. Siku za kiangazi ni kama dakika 7 hadi 10. Masika, hewa ikiwa nzito, mimi husubiri hata dakika 20. Wanaolalamika kwamba mishono yao hufunguka, tisa kwa kumi hawakusubiri.

Ikishagusana imeshikana, hakuna kusogeza. Kwa hiyo anza katikati ya mshono, kisha uende pembeni kidogo kidogo.

Gundi hii inashika moto, na mvuke wake unalevya na kudhuru. Usiifungue chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, usiifungue karibu na jiko, na mashine ya hewa moto iwe imezimwa na imepoa. Watoto wasiwe karibu.

Mshono mzuri ukiuvuta, sponji ndiyo inayochanika kabla ya gundi.

## Hatua ya 7: Funga vifungo visivyong'oka

Sasa rudi kwenye alama zako za chaki za Hatua ya 1.

Usigundishe mkanda juu ya sponji tu. Ukivutwa, unachuna ngozi ya juu ya sponji na kutoka nayo. Fanya hivi: toboa kidirisha chembamba, upana sawa na mkanda, sentimita 4 kutoka ukingoni. Pitisha mkanda kutoka nje kwenda ndani. Upande wa ndani, laza angalau sentimita 8 za mkanda na uzigundishe, kisha funika kwa kiraka cha sponji ya milimita 2 kilicho kipana kuliko mkanda kwa sentimita 2 kila upande. Hapo mvuto unasambaa kwenye bamba zima badala ya kung'ang'ania ukingo.

Kwenye kizibao weka bizimu 2 tu, moja chini ya kifua na nyingine tumboni. Tatu ni za nini? Kila bizimu ni sekunde zako. Upande wa bizimu unaochomekwa uwe ndio uliofungwa kwa mkanda mfupi usiolegea, na upande wenye mkia wa kukaza uwe wa mkono wako wenye nguvu. Ukivuta, uvute kwenda nje na si kwenda juu.

Juu ya kifua, pale bamba la kulia linapopita la kushoto, shona velkro kwenye kipande cha mkanda au turubai kwanza, kisha ndicho ukigundishe. Velkro hustahimili kuvutwa kwa kuteleza, lakini hushindwa ikibanduliwa kutoka pembeni. Kwa hiyo ilaze ili uzito wa deraya uivute kwa urefu wake. Kumbuka pia kwamba velkro ina kelele. Mahali utakapofungua ukiwa jukwaani kimya, weka kulabu na lastiki badala yake.

Mabega yasiwe vipande vya kuvaliwa peke yake. Yaning'inize kwenye kizibao kwa mikanda 2 ya kudumu, mmoja mbele na mmoja nyuma, na chini yake uweke mduara wa lastiki wa kupitisha mkono. Ukivaa kizibao, mkono unapita kwenye lastiki kama unavyopita kwenye mkono wa koti, na bega limeshavaliwa. Kati ya ukingo wa bega na shingo acha vidole 4, la sivyo utashindwa kugeuza kichwa.

## Hatua ya 8: Miguu, mapaja, mikono

Vikinga vya miundi huteleza kwa kuwa mkanda unaokazwa ni wa chini. Kaza wa juu, ule ulio kati ya goti na shavu la mguu. Mwili wenyewe unazuia usishuke. Velkro ije upande wa nje wa mguu, usiiache nyuma.

Vya mapaja vining'inie kwenye mkanda mmoja wa kiunoni unaofungwa mbele.

Vikinga vya mikono ndivyo vinavyowatesa watu, na nimeona wengi wakikaza kwa meno. Kata bamba lisizunguke mkono wote. Acha mwanya wa vidole 3 upande wa ndani. Ziba mwanya huo kwa lastiki 2 za kudumu, ili kikinga kiingie kama soksi na kisiwe na cha kufunga. Kama lazima kifungwe, basi kumbuka kwamba kikinga cha mkono wa kulia hufungwa na mkono wa kushoto. Ule mkono dhaifu upe kazi rahisi zaidi: kipande kimoja cha velkro chenye ulimi mrefu wa kushika.

## Hatua ya 9: Rangi

Changanya gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, paka mara 3, kila mara ikikauka kabisa. Kisha rangi, kisha vanishi. Usiiache gundi nyeupe bila vanishi. Unyevu na jasho huilainisha ikawa na unata, na vipande viwili vikikaa pamoja vinashikana.

Mikanda na bizimu uzifunge kwa tepu kabla ya kupaka. Na epuka kabisa madoadoa ya kijeshi au chochote kinachofanana na sare ya polisi. Kenya raia haruhusiwi kuvaa sare za vikosi bila kibali, na askari aliye barabarani hatakuuliza kama ni mchezo.

## Hatua ya 10: Zoezi la kuvaa gizani

Utaratibu ni kutoka chini kwenda juu: miundi, mkanda wa mapaja, kizibao pamoja na mabega yake, kikinga cha mkono dhaifu, kikinga cha mkono wenye nguvu, na helmeti kama unayo. Miguu inatangulia kwa sababu ukishafunga kifua huwezi kuinama vizuri. Mikono iko karibu na mwisho kwa sababu vikinga vinapunguza wepesi wa viganja. Nenda msalani kabla, na unywe maji.

Panga vipande sakafuni kwa mfuatano huo, kushoto kwenda kulia. Zima taa. Washa saa ya simu. Usitumie kioo.

Mara ya kwanza itakuchukua dakika 8 au 9, usivunjike moyo. Andika ni kipande gani kilichokula muda. Mara nyingi ni kimoja tu, na kinarekebishwa kwa kurefusha ulimi wa velkro au kusogeza bizimu sentimita 3. Lengo ni dakika 3 kuvaa na sekunde 30 kuvua. Hiyo ya kuvua ni muhimu zaidi. Mtu akizidiwa na joto ndani ya sponji, lazima atoke haraka na kwa mikono yake mwenyewe.

Joto lenyewe lisidharauliwe. Sponji haipitishi hewa. Ndani vaa fulana ya pamba pekee, toboa matundu chini ya kwapa ambako hayaonekani, na usikae nayo zaidi ya nusu saa bila kufungua kizibao. Kizunguzungu kikianza, vua papo hapo, onyesho lisubiri.

Halafu jaribu mwendo: chuchumaa, kaa kwenye kiti cha plastiki, panda ngazi, ingia na kutoka kwenye tuktuk. Ukifanya yote bila kifungo kufunguka, na bila kumwita mtu, deraya yako iko tayari.

## Kuisafirisha na kuitunza

Usiikunje ila inapobidi. Weka kizibao kikiwa kimefungwa bizimu, ndani yake ujaze vikinga vya mikono na miguu, kisha vyote ndani ya kiroba. Kama unavuka kwa feri ya Likoni asubuhi, kishike kifuani; mgongoni kitapondwa na umati. Usiiache kwenye gari juani, gundi italainika na mikunjo ya Hatua ya 5 itapotea. Ikirudi na jasho, pangusa ndani kwa kitambaa cha maji ya sabuni na uanike kivulini. Lastiki zikague kila baada ya maonyesho 5 au 6. Ndizo zinazochoka kwanza, na kuzibadili ni kazi ya nusu saa.